Mchanga wa Mirihi Unapokataa Kutaja Umri Wake: Dalili, Chanzo na Dawa

"Kaka, mashine imekufa."

Ndivyo alivyoniita binti mmoja aliyekuwa mafunzoni, saa nne usiku, ndani ya chumba chenye taa nyekundu hafifu kama studio ya picha ya zamani. Kwenye skrini mstari wa fotoni ulikuwa umelala chini kabisa. Ndani ya mashine kulikuwa na visahani vya chuma vyenye upana wa milimita 10 hivi, na juu ya kila kimoja chembe za mchanga wa volkano tuliokuwa tukiutumia kama kaimu wa mchanga wa Mirihi.

"Haijafa, dada," nikamwambia baada ya kufungua kifuniko. "Tumeifumba macho." Chujio lililokaa mbele ya neli ya kupokea mwanga lilikuwa la kupitisha urujuanimno, linalofaa kwa madini ya kwatzi. Mchanga wetu ulikuwa unawaka kwa rangi nyingine kabisa. Siku mbili zilikuwa zimekwenda bure.

Mwongozo huu umetokana na siku za aina hiyo. Hadi leo hakuna chombo kilichotua Mirihi kikiwa na mashine ya kupima umri wa mchanga kwa luminesensi, yaani kwa mwanga ambao chembe zenyewe hutoa zikichochewa, kwa hiyo matatizo ya kule tunahangaika nayo huku huku duniani: kwa udongo mbadala kama JSC Mars-1, ambao ni majivu ya volkano yaliyochimbwa Pu'u Nene huko Hawaii, kwa vimondo, na kwa vipimo vya mionzi ambavyo vyombo vilivyoko kule vimetuletea.

Kwa anayeingia sasa hivi, kanuni ni fupi. Chembe ya kwatzi au felspa ikiwa gizani hupigwa na mionzi ya asili. Mionzi hung'oa elektroni, na baadhi hunaswa kwenye kasoro za fuwele, tunazoziita mitego. Chembe ikiota jua, mitego inamwagika na saa inarudi sifuri. Ikifukiwa tena, inaanza kujaa upya. Maabara tunaimulika, elektroni zinatoka, chembe inatoa mwanga, na mwanga huo tunaulinganisha na ule unaotokana na dozi tuliyoipa wenyewe. Dozi iliyokusanywa, kwa grei (kipimo cha mionzi iliyofyonzwa), ukiigawa kwa dozi ya kila mwaka unapata umri. Njia ya kuchochea kwa mwanga ilitangazwa mwaka 1985 na Huntley na wenzake, na ndiyo iliyotoa umri wa mashapo ya kaburi la Mtoto kwenye pango la Panga ya Saidi, Kilifi: miaka 78,000 hivi.

Umri, basi, ni mgao tu. Kabla hujashika bisibisi jiulize kosa liko juu ya mstari au chini yake. Anayetoka kwenye mchanga wa mto wa nyumbani amezoea kulitafuta juu, kwenye dozi iliyopimwa, kwa sababu duniani dozi ya mwaka huwa ndogo na tulivu. Mirihi mambo yamegeuka. Kule chini ya mstari ndiko kwenye balaa, na mazoea ya nyumbani yatakupeleka kutafuta sindano kwenye chumba ambacho haikuangukia.

Dalili: hakuna mwanga, au upo kidogo sawa na wa giza tupu

Usianze kwa kufungua mashine. Kipe kisahani hicho hicho dozi kubwa ya maabara, tuseme grei 50, kisha pima tena. Mwanga ukija, mashine ni nzima na mchanga ni mzima. Chembe zako ziliota jua juzi juzi tu na hazijakusanya kitu. Hilo ni jibu, wala si hitilafu. Mwanga usipokuja hata baada ya grei 50, weka kisahani cha kwatzi unayoijua tabia yake. Kikiwaka, shida iko kwenye mchanga au kwenye chujio. Kisipowaka, sasa fungua mashine.

Mchanga wa Mirihi una sababu zake za kuwa hafifu. Mwaka 2012 roboti ya Curiosity ilipochota mchanga wa Rocknest ndani ya kreta ya Gale na kuupima kwa miale ya eksi, ilikuta madini ya plajioklasi, olivini na piroksini, pamoja na sehemu kubwa isiyo na umbo la fuwele. Kwatzi, kipenzi cha maabara zote za dunia, haimo kwa kiasi cha kutegemewa. Olivini na piroksini zina chuma ndani yake, na chuma huua mwanga: nishati iliyopaswa kutoka kama fotoni inaishia kuwa joto. Inayobaki ni plajioklasi, ndugu wa felspa, nayo huwaka zaidi kwenye bluu na kwenye manjano-kijani. Chujio la urujuanimno halioni rangi hizo. Tumia chujio la bluu, na uchochee kwa infraredi yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 870 hivi, ambayo inaiamsha felspa na kuiacha kwatzi usingizini.

Kuna sababu ya tatu ambayo watu huisahau kwa kuwa huku nyumbani tunaiondoa kwa asidi: chembe za Mirihi zimevaa koti la vumbi la oksidi ya chuma. Koti hilo ndilo linaloipa sayari rangi yake, na linazuia mwanga wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Huku tunaosha, tunachekecha, tunatenganisha madini kwa vimiminika vizito. Kwenye roboti inayojiendesha umbali wa mamilioni ya kilomita, sahau beseni na bomba. Itabidi mbegu na kapi vipimwe pamoja, na kazi ya kuzitenganisha ifanywe na rangi ya mwanga.

Dalili: mwanga ni mzuri, vipimo vinarudiana, lakini umri ni mdogo kuliko unavyoingia akilini

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni kuvuja. Ann Wintle aliliandika mwaka 1973 baada ya kupima felspa kutoka kwenye miamba ya volkano: elektroni zilizopaswa kukaa mtegoni mamilioni ya miaka zilikuwa zinatoroka katika muda wa wiki. Haziruki ukuta wa mtego, zinaupenya. Na mabaya yetu ni kwamba felspa za volkano ndizo zinazovuja zaidi, na Mirihi karibu mchanga wote ni mtoto wa volkano.

Kuvuja kunapimwa kwa asilimia inayopotea kila muda unapozidishwa mara 10. Kinachopotea kati ya saa 1 na saa 10 ni sawa na kinachopotea kati ya saa 10 na saa 100. Inasikika kama jambo dogo mpaka upige hesabu. Ukianzia siku 2 baada ya dozi hadi miaka 10,000, muda umezidishwa mara 10 zaidi kidogo ya mara sita. Kama mchanga unavuja asilimia 5 kwa kila hatua, umepoteza karibu asilimia 31. Kama ni asilimia 10, umepoteza zaidi ya asilimia 60, na kilichobaki kitakupa umri wa mjukuu badala ya babu.

Kipimo chake ni rahisi ila kinataka subira. Kipe kisahani dozi, kipashe joto mara moja, pima sehemu ya kwanza, kisha kiweke gizani. Rudia baada ya saa kadhaa, siku, wiki. Wanafunzi wengi hukosea hapo pa kupasha joto: wanatoa dozi, wanahifadhi, halafu wanapasha joto siku ya kupima. Wakifanya hivyo wanapima kuvuja pamoja na mambo mengine ya mitego mifupi, na asilimia inapanda bila sababu.

Nimesikia mara nyingi hoja kwamba baridi ya Mirihi itatuokoa, kwamba kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri elektroni zitaganda mahali pake. Ni hoja nzuri kwa mitego inayomwagwa na joto. Kwa kuvuja huku ni hoja mbovu, maana anayepenya ukuta hahitaji nguvu ya joto kuuruka. Usiipe baridi sifa isiyo yake.

Dawa inayofanya kazi ni kupima mara mbili. Mulika kwanza kwa infraredi kwenye nyuzi 50, kumaliza elektroni zilizo karibu na njia ya kutorokea. Kisha mulika tena kwenye nyuzi 225 au 290. Mwanga wa raundi hii ya pili unatoka kwa elektroni zilizokaa mbali, na hauvuji sana. Kwa njia hii ya felspa, mashapo ya maporomoko ya Kalambo, pale Zambia inapopakana na Tanzania, yalitoa umri wa miaka 476,000 kwa magogo yaliyochongwa na binadamu wa kale. Ila raundi ya pili ina deni lake: inachukua muda mrefu zaidi kufutwa na jua. Deni hilo tutalilipa mbele.

Dalili: mkunjo umelala, na kila dozi unayoongeza haibadilishi kitu

Mkunjo ni mchoro wa mwanga dhidi ya dozi, na ukilala mchanga umeshiba. Mitego imejaa, na hakuna mlango wa kuingilia elektroni mpya. Hakuna ujanja wa programu utakaokusaidia. Kama dozi yako ya asili imefika zaidi ya asilimia 85 hivi ya kilele cha mkunjo, andika "si chini ya" mbele ya namba na uendelee na maisha.

Lakini tulia hapa kidogo, kwa sababu Mirihi kushiba kunakuja mapema kuliko mtu yeyote wa duniani anavyotarajia.

Kipimamionzi cha Curiosity kilihesabu, katika siku 300 za mwanzo baada ya kutua Agosti 2012, wastani wa grei 0.00021 kwa siku juu ya uso wa Gale. Kwa mwaka ni miligrei 76 hivi, yaani grei 0.076. Mchanga wa duniani hupata miligrei 1 hadi 5 kwa mwaka, nyingi zikitoka kwenye potasiamu, thoriamu na urani zilizomo ndani ya mchanga wenyewe. Mirihi madini hayo ni machache, yanachangia karibu nusu miligrei tu. Zilizobaki zote zinatoka angani, kwa kuwa kule hakuna ngao ya sumaku ya sayari nzima na hewa ni nyembamba: juu ya kila sentimita ya mraba ya Gale kuna gramu 20 hivi za hewa, wakati juu yetu hapa kuna gramu 1,000.

Sasa gawanya. Tuchukulie mtego unaoshiba kwenye grei 200, kama kwatzi ya kawaida. Duniani, kwa miligrei 2 kwa mwaka, unashiba baada ya miaka 100,000. Juu ya uso wa Mirihi unashiba baada ya miaka 2,600. Felspa inayofika grei 1,000 inakupa miaka 13,000. Ukisikia mtu anaahidi kupima mamilioni ya miaka kwa njia hii kwenye mchanga wa juu wa Mirihi, mwulize amegawa kwa nini.

Je, kuchimba kunasaidia? Ndiyo, ila si mara moja. Modeli zilizojengwa juu ya vipimo vya Curiosity zinaonyesha kwamba sentimita 10 chini dozi inapanda kidogo, hadi miligrei 96 hivi kwa mwaka, kwa sababu miale ya angani ikigonga mawe inazaa chembe nyingine kama mvua inayogonga bati. Kwenye mita 1 inashuka hadi 36, mita 2 iko chini ya 10, na mita 3 karibu 2. Kwa hiyo mchanga ule ule unaoshiba kwa miaka 2,600 ukiwa juu, ukikaa mita 2 chini unaweza kuhesabu zaidi ya miaka 20,000.

Tatizo ni kuzifikia hizo mita. Keekee ya Curiosity inaingia sentimita chache. Fuko wa chuma wa chombo cha InSight, aliyetakiwa kujichimbia hadi mita 5, aligoma: udongo ulikosa msuguano wa kumshika, akawa anadundadunda mahali pamoja, na Januari 2021 jitihada zikasitishwa akiwa ndio kwanza amezama usawa wa ardhi. Roboti ya Rosalind Franklin ya Ulaya imeundwa na keekee ya mita 2, ingawa haibebi mashine ya luminesensi. Kwangu mimi, keekee ya namna hiyo ina thamani kuliko neli yoyote mpya ya kupokea mwanga.

Dalili: umri umezidi au umepungua karibu mara mbili kamili

Angalia kama umechanganya miaka. Mwaka wa Mirihi ni siku 687 za dunia, na kosa hilo linakuja kama mara 1.88. Kosa dogo la ndugu yake ni kuchanganya siku ya dunia na ya Mirihi, yenye saa 24 na dakika 39. Hilo ni asilimia 2.7 tu, linajificha vizuri. Haya ni makosa ya aibu, na ndiyo sababu nayataja.

Dalili: sampuli mbili za tabaka moja zina dozi tofauti, au umri unayumba kadiri unavyoshuka

Duniani ungesema tu kwamba unyevu wa udongo umebadilika. Mirihi jiulize kwanza: chembe hii ilikaa kina gani, na kwa muda gani? Dozi ya mwaka inategemea mchanga ulioko juu yake. Tuta likihama, chembe iliyokuwa mita 2 chini inajikuta sentimita 20 chini, na dozi yake ya mwaka imeruka mara nyingi bila yenyewe kusogea. Ukitumia kina cha leo kana kwamba ndicho cha siku zote, umepima historia ya tuta ukadhani umepima umri.

Kisha kuna anga yenyewe. Mzunguko wa jua wa miaka 11 hivi hupandisha na kushusha miale inayotoka mbali; kwa maelfu ya miaka tofauti hizo zinajisawazisha, usihangaike nazo. Milipuko ya jua nayo hupita: ile ya Septemba 2017 iliongeza mionzi kwenye uso wa Gale zaidi ya mara mbili, ikatulia baada ya siku chache. Hewa hupungua na kuongezeka kwa karibu robo katika mwaka mmoja wa Mirihi, kwa sababu kabonidioksidi inaganda kwenye ncha na kurudi. Yote haya ni mawimbi madogo. Linalostahili kukunyima usingizi ni lile la kina.

Na hili lifuatalo, ambalo nimeona wataalamu wazima wakilipita. Maabara tunatoa dozi kwa chanzo cha strontiamu-90, yaani miale ya beta. Miale ya angani ni protoni kwa sehemu kubwa, heliamu kwa sehemu ndogo, na takriban asilimia 1 viini vizito, chuma kikiwemo. Kiini cha chuma kikipita kwenye fuwele kinamwaga nishati yake yote kwenye mstari mwembamba. Mitego iliyo njiani inashiba papo hapo, na nishati inayozidi inapotea bure, kama ndoo ya maji iliyomwagwa kwenye kikombe. Grei moja ya viini vizito kwa hiyo inazaa mwanga kidogo kuliko grei moja ya beta. Usipoweka sahihisho la ufanisi huo, dozi ya mwaka uliyoiweka chini ya mstari ni kubwa kuliko ile mchanga ulioihisi, na umri unatoka mdogo. Dalili yake ni sawa na ya kuvuja, na ukishasahihisha kuvuja umri ukaendelea kuwa mdogo, hapa ndipo pa kuja kugonga hodi.

Dalili: visahani vya sampuli moja havielewani, vingine vikitoa umri mkubwa ajabu

Chembe hazikuota jua sawasawa kabla ya kufukiwa. Nyingine zilifika kaburini na dozi ya maisha yaliyotangulia.

Jua la Mirihi ni la ajabu. Nguvu yake ni asilimia 43 tu ya ile inayofika duniani. Kwa upande mwingine, kule hakuna ozoni ya maana, na urujuanimno mkali hadi karibu nanomita 200 unafika ardhini. Urujuanimno hufuta mitego haraka kuliko mwanga wa kawaida, kwa hiyo mchanga unaorushwarushwa na upepo siku za anga safi unafutika vizuri. Siku za dhoruba ya vumbi ni habari nyingine. Juni 2018 vumbi liliifunika sayari nzima. Roboti ya Opportunity ilipima giza la anga, yaani kiasi ambacho vumbi linazuia jua, la 10.8, kipimo ambacho hakikuwahi kuonekana, kisha ikanyamaza moja kwa moja. Chembe iliyozikwa wiki ile ilizikwa usiku wa mchana.

Kupima, rudi kwenye zile raundi mbili za infraredi. Raundi ya nyuzi 50 inafutwa haraka, ya nyuzi 290 inafutwa polepole. Zikitoa umri mmoja baada ya kusahihisha kuvuja, jua lilifanya kazi yake. Ya pili ikizidi kwa mbali, kuna masalio. Hapo shuka hadi chembe moja moja, kwenye visahani vyenye vitundu 100 vinavyomulikwa kwa leza, na utafute kundi la chembe changa zaidi. Hilo ndilo lililofutwa. Kama sampuli imetoka kwenye kijito cha ukingo wa kreta au poromoko la udongo badala ya tuta la upepo, anza moja kwa moja na chembe moja moja, uokoe wiki mbili.

Dalili: kilele kisichojulikana kinatokea ukipasha joto kidogo tu

Baridi sasa ndiyo yenye kosa. Kwatzi duniani ina mtego mfupi unaomwagika kwenye nyuzi 110 za maabara. Kwenye joto la chumba unajikausha ndani ya saa chache, kwa hiyo katika sampuli ya asili huwa mtupu. Kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri mtego kama huo unatunza chake. Mashine iliyosanifiwa kwa mazoea ya duniani itaona mwanga wa ziada na kuuita dozi. Kupasha joto kabla ya kupima kunaondoa sehemu kubwa, lakini dozi za kulinganishia nazo ni bora zitolewe sampuli ikiwa baridi, maana elektroni hugawana mitego kwa namna tofauti joto linapotofautiana.

Mwezini tabia hii imegeuzwa kuwa faida. Desemba 1972 wanaanga wa Apollo 17 walichota udongo kwenye kivuli cha jiwe kubwa, mahali ambapo jua halifiki, na sampuli hiyo, namba 76240, ikahifadhiwa kwenye friza duniani ili mitego yake mifupi isimwagike. Udongo uliokaa juani unamwagika kila mchana wa Mwezi. Uliokaa kivulini umetunza. Tofauti kati yao inasimulia joto la mahali na muda wa kivuli.

Kama kilele kinakuja na kutoweka bila mpangilio, angalia chumvi. Udongo wa Mirihi una salfeti, na mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta perikloreti. Salfeti zenye maji, jasi ikiwemo, hupoteza maji yake zinapopashwa, na kisahani unachokipima mara ya pili si kile ulichokipima mara ya kwanza. Ukikipa dozi ile ile mara mbili na mwanga wake ukatofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, au dozi ya sifuri ikitoa zaidi ya asilimia 5 ya mwanga wa asili, kitupe kisahani hicho. Usikionee huruma.

Dalili: kila kitu kimekaa sawa

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Visahani vyote vinaelewana, kuvuja kumesahihishwa, makosa ni madogo. Kabla hujaandika, liulize tuta lenyewe.

Picha zilizopigwa kutoka kwenye obiti zinaonyesha kwamba matuta hai ya Mirihi yanahama kwa wastani wa nusu mita kwa mwaka wa dunia, yakiwemo yale ya Bagnold ambayo Curiosity iliyapitia mwishoni mwa 2015 na kuingia 2016. Tuta lenye urefu wa mita 100 kutoka nyuma hadi mbele linalokwenda mwendo huo linajipindua lote kwa miaka 200 hivi: kila chembe inapanda mgongo, inaota jua, inaporomoka upande wa pili, inazikwa. Kwa miligrei 76 kwa mwaka, chembe iliyozikwa zamani zaidi ndani yake, karibu na uso, isizidi sana grei 15.

Kisahani kikikuambia grei 14, andika. Kikikuambia 400, hata kama visahani vyote ishirini na vinne vimeapa hivyo hivyo, chembe zako hazikuota jua. Rudi kwenye raundi mbili za infraredi. Kikikuambia 2, kagua kuvuja, halafu ufanisi wa viini vizito, kisha hakikisha roboti haikuchota mchanga wa upande wa maporomoko uliomwagika jana yake. Na kama hakikuambii kitu kabisa, fungua kifuniko uone ni chujio gani lililokaa mbele ya neli.